Siku Sabiha Alipomwaga Oili

Mimi na Sabiha ni watani. Yeye ni Mdigo wa hapa hapa Tanga, mimi ni Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Tabora yenyewe nimefika mara moja tu, kwenye msiba, na Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu. Hayo hayapunguzi kitu. Tangu nihamie Nguvumali, nyumba yangu ikapakana na yake, Sabiha hajawahi kukutana nami asubuhi bila kuniuliza leo nimebeba mzigo wa nani, maana wahenga wangu walikuwa wapagazi. Nami humjibu kwamba nimembeba Mdigo mmoja aliyechoka kabla hajatoka kitandani.

Asiyejua utani hudhani tunagombana. Katekista wetu alipita siku moja akatukuta, wanawake wawili, tunarushiana maneno juu ya ukuta, akasimamisha baiskeli yake atupatanishe. Tulicheka mpaka akaondoka amenuna. Mtani hakasirikiwi, ndivyo ilivyo. Akipita kwako akachukua kuku, unamkimbiza huku unacheka, na kama unamtaka kuku wako unamkomboa kwa chochote atakachotaja. Ila utani una ubaya wake mmoja ambao nilikuwa sijaufikiria hadi mwaka huu: mtani haaminiwi. Ukizoea kumwambia mtu uongo wa kuchekesha kila siku, siku ya ukweli unakuwa huna mdomo mwingine wa kuusemea.

Sabiha ni mpambaji wa maharusi. Anachora hina na piko, na mikono ya mabiharusi wa mji huu, kuanzia Makorora hadi Mabawa, mingi imepita mikononi mwake. Amekaribia hamsini. Zamani alikuwa akienda kwenye kazi zake kwa miguu, begi la vikorokoro begani, akifika kwa bibiharusi amelowa jasho. Miaka miwili iliyopita akanunua skuta. Alijifunza kuiendesha kwenye kiwanja cha mpira huku watoto wa mtaa mzima wakimshangilia, akaangusha nguzo za goli moja, akainuka, akafunga ushungi upya, akaendelea. Sasa ukisikia mlio mwembamba unapita na harufu ya udi inaufuata nyuma, jua ni yeye, baibui kalibana chini ya mapaja na helmeti juu ya ushungi. Mimi humwambia anafanana na chungu kilichofunikwa. Moyoni namwonea fahari kuliko ninavyoweza kusema.

Skuta ile nami inanihusu, kupitia oili. Huku kwetu hakuna anayesema kubadilisha oili, tunasema kumwaga, na kila Sabiha alipokwenda kumwaga oili kwa fundi wake Godlisten kule Mabawa, ile chafu iliyotoka aliniletea kwenye chupa. Jiko langu la nje ni la miti, na mchwa wa Nguvumali wana meno. Ukiipaka miti oili chafu, mchwa wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo naijua oili ya skuta ya Sabiha kama ninavyoijua rangi ya chai yangu. Ni nyeusi tii, nyepesi, na inakaribia kujaa chupa.

Sasa, Sabiha ana binti mmoja, Shadya, mwalimu kule Pangani. Mwaka huu Shadya alijifungua mtoto wa kwanza, msichana, na siku ninayoisimulia ilikuwa arobaini yake, siku ya kumtoa mtoto nje. Walikuwa wamekubaliana kwamba bibi mzaa mama ndiye atakayempokea mtoto mlangoni. Sabiha alikuwa akiongea habari hiyo kwa wiki nzima. Kulikuwa na jambo jingine pia. Mkwewe, mama yake mume wa Shadya, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mwanamke mtu mzima akijipandisha kwenye mashine, siku moja atarudishwa nyumbani kwa bajaji. Sabiha akaapa kwamba arobaini ya mjukuu wake ataiendea kwa skuta ileile, kutoka Nguvumali hadi Pangani, na ataisimamisha mbele ya uwanja wa huyo mkwe.

Mumewe Mwinyijuma, mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache, alisema "haya" tu, akapanda basi alfajiri na gunia la mchele. Godlisten naye alikuwa amekwenda kwao Moshi kumwoza dada yake. Sabiha alipompigia, kijana akamwambia asithubutu kwenda safari hiyo na oili iliyomo, imechoka, angoje arudi. Kungoja arudi maana yake ni kuikosa arobaini. Basi akamwomba amwelekeze kwa simu. Nilikuwa kibarazani kwangu na cherehani, nikamsikia akiitika. Ni mwanamke anayesema nimeelewa kabla hujafika katikati ya sentensi. Nati ya chini, nimeelewa. Upande wa kushoto, nimeelewa baba. Alikata simu akiwa fundi kamili.

Sikuona alivyofanya kazi yenyewe kwa sababu ya ukuta. Nilisikia tu: beseni likikokotwa, bismillahi kubwa, spana ikiteleza, Sabiha akiiapiza nati, kimya, kisha kicheko cha ushindi. Baadaye nikasikia akimimina kitu glu glu glu. Halafu akaniita nije nichukue mgao wa mchwa wangu.

Nikaenda na kopo. Nilimkuta amejifunga kanga kuukuu, mikononi kavaa glovu za mpira anazotumia kwa piko, uso unang'aa. Chupa ya oili mpya ilikuwa imelala chini, tupu. Nikachungulia kwenye beseni. Mlikuwa na kitu kama nusu kikombe cha chai, kizito, rangi ya asali.

Nikamwambia hii siyo. Akacheka. Akasema alijua tu kwamba Mnyamwezi hatosheki, ukimpa nusu kikombe atataka debe. Nikamwambia oili yake siku zote ni nyeusi, akanijibu ilikuwa nyeusi kwa sababu ya Godlisten anayeichukua skuta kuijaribu mpaka sokoni, leo imemwagwa na mwenyewe ndiyo maana imetoka safi. Nami, mjinga mimi, nilikuwa nacheka. Uso wangu umezoea hivyo nikiwa naye.

Lakini kichwani hesabu ilikuwa haikai. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani ina vitundu vya mafuta zaidi ya kimoja, na ukitia mafuta kwenye kimoja usidhani umelisha vyote. Nikamuuliza: imetoka nusu kikombe, wewe umeingiza chupa nzima, ile ya zamani iko wapi?

"Imeliwa na injini," akasema. "Kwani weye wali ulokula jana tuutafute wapi?"

Nikacheka tena, Mungu anisamehe, maana lilikuwa jibu zuri. Kisha nikajikaza nikamwambia, Sabiha, utani kando. Hapo ndipo nilipojiharibia kabisa, kwa kuwa miaka yote hii uongo wangu mtamu zaidi huwa nauanza kwa utani kando. Alishika kiuno akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akanionyesha kijiti cha kupimia, oili imepanda mpaka juu kabisa, akasema nione ilivyoshiba. Halafu akaingia ndani kuoga.

Nilibaki na skuta. Ilisimama pale inang'aa, imefutwa kwa tambara, funguo kaiacha mahali pake. Nikaiwaza barabara ya Pangani, lami, watu wanavyokimbiza siku hizi, malori ya mchanga. Nikamwaza Sabiha katikati yake na dera lake likipepea. Sikujua kilichoharibika ni nini, sijawahi hata kushika mpini wa pikipiki. Nilijua tu kwamba kitu fulani ndani ya mashine ile kimebaki bila mafuta, na kwamba mwanamke yule nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Niliogopa.

Nikafikiri kumpigia Mwinyijuma, lakini Mwinyijuma angesema "haya" tu. Kumpigia Shadya ni kumtia hofu mzazi siku ya furaha yake. Godlisten sikuwa na namba yake. Na mwenyewe, hata ningeapa kwa Bikira Maria na watakatifu wote, angesema leo mpagazi kawaleta na jamaa zake.

Nilimsikia akiimba bafuni. Basi nikachomoa ile funguo nikaitia kifuani.

Alitoka amevaa dera jipya la zambarau, ananukia udi mtaa mzima, mkononi kifurushi cha nguo za mtoto. Akaitafuta funguo kwenye skuta, dirishani, ndani ya viatu. Nikamwambia asihangaike, mali ya mtani nimeichukua, ipo mahali ambapo Mdigo hafiki.

Alicheka, kwa sababu mila haimpi ruhusa ya kufanya kingine. Akasema haya, mwizi, taja unachotaka. Akanitajia mwenyewe: kanga, kuku, sinia la pilau akirudi. Nikatikisa kichwa kila mara. Akaanza kuangalia saa. Akasema mchezo mzuri lakini umetosha. Kicheko kikapungua kidogo kidogo usoni mwake, kikaisha, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikaona macho ya Sabiha hayanitanii.

"Mama Lucas," akasema, "nipe funguo. Mwanangu ananingoja."

Lucas ni kifunguamimba wangu. Jina hilo hulitumia tukiwa msibani.

"Nakupa," nikamwambia. "Ukombozi wangu ni mmoja tu. Mpigie Godlisten sasa hivi, hapa, nisikie. Mwambie ilikuwa rangi gani."

Ukombozi ukitajwa hauwezi kukataliwa, na huu ulikuwa rahisi kuliko kuku. Akapiga, akaongeza sauti ili nisikie. Godlisten alikuwa katikati ya sherehe, tarumbeta zinalia, akaomba dakika asogee pembeni. Akamwamkia shikamoo Mama Shadya, akauliza kama safari imekuwa nzuri. Sabiha akamwambia bado yupo nyumbani, kazi imekwisha salama, ila kuna jirani yake mmoja king'ang'anizi anataka kujua kama oili inaweza kutoka ya rangi ya asali.

Tarumbeta zikaendelea. Godlisten akauliza ilitoka kiasi gani. Nusu kikombe. Akauliza ametumia spana ipi. Sabiha akamwambia ile ya baiskeli ya Mzee Mwinyijuma, hapa Tanga nani hana spana ya baiskeli. Akaeleza kwamba nati moja kubwa ilikuwa haiingii kwenye spana, akajua siyo yenyewe, akasogea nyuma karibu na tairi, akakuta ndogo, spana ikaikubali pale pale.

"Mama, umeiwasha?"

"Bado."

"Usiiwashe. Nakuomba sana, usiiwashe kabisa."

Kisha akaeleza, na safari hii Sabiha hakusema nimeelewa hata mara moja. Nati kubwa ndiyo ya injini. Ile ndogo ni ya gia za nyuma, zina oili yake peke yake, kidogo, na hiyo ndiyo aliyoimwaga. Sasa injini ina oili ya watu wawili, na gia zimekauka. Angewasha ingeondoka vizuri, angefika Tongoni, njiani, anaimba. Halafu gia zingepata moto, zingesagana, na zinaweza kung'ata ghafla tairi la nyuma likagoma kuzunguka skuta ikiwa mbioni. Hakumalizia kitu gani kingemtokea aliyekaa juu. Akauliza tu ni nani aliyemzuia.

"Yupo Mnyamwezi mmoja," Sabiha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Akakaa kwenye ngazi ya mlango na dera lake jipya bila kufuta vumbi. Nikakaa kando yake, nikamtolea funguo nikaiweka kwenye mapaja yake. Hakuishika. Akaniuliza ni kwa nini nilikuwa ninacheka, kama jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Nikamwambia sijui kumtazama yeye bila kucheka, hilo ndilo tatizo. Akatikisa kichwa. Nikamwona anaumauma mdomo, nikafikiri atalia.

Godlisten alimtuma mwenzake wa gereji, Laurenti, akaja mbio kwa pikipiki na spana namba kumi na saba, chupa nyingine ya oili na kichupa cha oili ya gia. Alipoinama kuanza kazi, Sabiha akamwondoa. Alikuwa ameshavua dera na kujifunga ile kanga yake kuukuu. Akamwambia kijana akae aelekeze kwa mdomo, mikono ni ya mwenye mali. Laurenti akaniangalia kama anayeomba msaada, nikamwambia huyo ni Mdigo, akiamua kufanya kazi mwache, hutaona tena mwaka huu.

Sabiha akaniangalia juu ya bega lake. Akacheka.

Glovu zilikuwa zimekwisha, akafanya kwa mikono mitupu. Ile nati kubwa ilipofunguka, oili nyeusi ilimwagika kwa kishindo, ikajaza beseni, ikamrukia mpaka viwikoni, na springi pamoja na kichujio vikamdondokea mguuni. Aliruka, akavitafuta kwenye beseni kwa vidole kama anayetafuta kipande cha nyama mchuzini. Laurenti akamwonyesha jinsi ya kuvisafisha na kuvirudisha, na jinsi ya kukaza bila kuua nyuzi za nati. Akajaza gia kwanza, kwa tundu lake, kwa kipimo chake. Kisha injini, kidogo kidogo, anapima, anafuta kijiti kwenye kanga, anapima tena. Mara mbili alimuuliza Laurenti swali, akasubiri jibu lote mpaka mwisho. Mimi nilipata oili ya kupaka jiko langu na la majirani.

Alipowasha, skuta ikalia mlio wake mwembamba. Tukaiacha ingurume pale muda kidogo, sote watatu tukiitazama.

Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu, haikutakata. Kwenye mistari ya viganja na kuzunguka kucha ulibaki weusi, juu ya hina aliyojichora mwenyewe kwa ajili ya siku ile, maua ya kupendeza kweli. Nikamwambia akiulizwa aseme ni mtindo mpya kutoka Tabora. Akavaa dera, helmeti, akakifunga kifurushi, akaondoka polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiondoka. Mtaa ulipokata kona akapunga mkono bila kugeuka.

Mchana ule sikushona kitu cha maana. Nilimwekea mteja mkono wa gauni ndani nje, nikaufumua, nikaurudia vilevile. Kila pikipiki iliyopita nilinyanyua kichwa. Laurenti alikuwa amenihakikishia kwamba sasa iko sawa, lakini hofu ikishakuingia haijali maelezo ya fundi.

Simu ililia jua likikaribia kuzama. Nyuma ya sauti ya Sabiha kulikuwa na vigelegele na sufuria zikigongana. Alifika. Aliisimamisha skuta pale pale alipokuwa ameapa, mbele ya uwanja, mkwewe akiwa mlangoni. Alimpokea mtoto. Mkwewe akaiona mikono yake akauliza ni hina gani hiyo, basi Sabiha akawakalisha wote mkekani akawahadithia mwanzo mpaka mwisho, spana ya baiskeli, oili ya asali, mpagazi aliyeiba funguo akaitia kifuani. Mkwewe alicheka mpaka akalala chali. Mwinyijuma mwenyewe alicheka kwa sauti, watu wakashangaa.

Kisha kelele zikapungua, nikajua anatembea anatafuta faragha. Nikasikia mlango.

"Wamecheka wote, Mama Lucas," akasema. "Miye sikuweza."

Nilikuwa na maneno ya kumtania, yalikuwa tayari kwenye ulimi. Nikayaacha. Nikamwambia na mimi sikuweza, tangu alipoondoka.

Baadaye akaniambia ningoje kidogo, nikasikia nguo zikichakarika karibu sana na simu.

"Huyu hapa mjukuu wetu, kalala," akanong'ona. "Sikiliza."

Nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikamsikia anapumua.